Samaki wa Maji Yakimbiayo

Athuman hakumsalimu mkewe. Alitua begi la safari mlangoni, akapita moja kwa moja hadi kwenye tangi la kioo sebuleni, akainama. Samaki walikuwepo wote sita, bapa kama majani, matumbo yamegandamana na mawe, huku maji ya pampu yakiwapita mgongoni kwa kasi.

"Wazima," akasema.

"Na mimi mzima pia," akajibu Mwanamvita kutoka jikoni. "Karibu nyumbani."

Samaki hao walitoka katika kijito cha milimani, juu ya Itumba. Osea, dereva wake mzaliwa wa Ileje, ndiye aliyewaleta ndani ya dumu, wala hakuficha mashaka yake. "Hawa si wa kufuga, tajiri. Wamezoea maji yanayokimbia. Yakisimama adhuhuri, alasiri unawaokota." Akaongeza kwamba chakula chao ni ule utelezi wa kijani, hulilamba jiwe mpaka likang'aa.

Mtu mwingine angewarudisha. Athuman aliagiza tangi kutoka Dar es Salaam.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na Tunduma ilikatiwa bila taarifa. Pampu ilipozimika, ilibidi mtu awe karibu awashe jenereta, na jenereta ikigoma, achote maji kwa jagi na kuyamimina juu ya mawe hadi umeme urudi. Mtu huyo alikuwa Mwanamvita. Kibanda chake cha vitenge sokoni kilifungwa wiki hiyohiyo.

"Kwa hiyo mimi sasa ndiye mto," alisema siku ile, jagi mkononi.

"Ni kwa muda tu, mpaka wazoee."

Hawakukusudiwa kuzoea. Malori ya Athuman yalikwenda Kitwe na Lubumbashi, naye aliandamana nayo, akikosekana nyumbani kwa majuma mazima. Aliyemtia shaka juu ya mkewe, kabla samaki hawajaletwa, ni mfanyabiashara mwenzake, Aziz, wakiwa kwenye foleni ya forodha. "Shemeji kapendeza siku hizi! Nilimwona ng'ambo, Nakonde, anapatana bei kwa Kibemba. Muuzaji anacheka, naye anacheka." Athuman naye akacheka. Hakuuliza muuzaji ni nani. Swali la namna hiyo, likiulizwa mbele za watu, huwa limekwisha kujijibu.

Simu haikumfaa, kwa kuwa mtu huipokea popote na kusema yuko jikoni. Majirani nao husema wanachodhani unataka kusikia. Lakini mtu wa mpakani anaijua lakiri, muhuri wa forodha mlangoni: kontena likifika na lakiri yake nzima, mzigo haujaguswa. Samaki wakikutwa hai, mke hakutoka. Kwamba yeye mwenyewe aliwahi kushusha magunia ya sukari kwa kufungua bawaba za mlango, lakiri ikabaki nzima kama ilivyofungwa, ni jambo ambalo halikumjia akilini.

Sasa mwaka ulikuwa umepita, na kila aliporudi aliwakuta hai. Mawe yalikuwa yameota ukijani mnene kama zulia, jambo alilolihesabu kuwa neema. Pale mezani, kwa mara ya kwanza, alimtazama mkewe kwa haya.

"Mbona hawasogei?" aliuliza, ilimradi aseme neno.

"Wasogee waende wapi?" Mwanamvita akampakulia wali. "Aliyefungiwa hujifunza kutulia, mume wangu."

Neno hilo lilimchoma. Athuman hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alikuwa mtu wa kutoa ruhusa. "Kafungue kibanda chako," akasema. "Kesho. Na hawa warudi kwao. Osea anapanda Itumba mchana huu, atawachukua."

Mwanamvita aliweka upawa chini. "Umechoka na safari. Niachie, nitawatoa mwenyewe."

"Umeshawatunza vya kutosha."

"Basi kula kwanza. Chakula kinapoa."

Moyo wa Athuman ukalainika zaidi. Mwanamke aliyenyang'anywa soko kwa ajili ya samaki, na bado anaona tabu kuachana nao! Na yeye, mume, alimdhania mabaya mwaka mzima kwa maneno ya Aziz, mtu ambaye hata habari ya mvua humwamini nusu.

Alijaza maji kwenye dumu, akakunja mkono wa kanzu. Mwanamvita alileta taulo, akasimama nyuma yake.

Athuman alizamisha mkono, akamshika wa kwanza kwa vidole viwili, taratibu, asije akamwumiza. Samaki aling'ang'ania jiwe kwa nguvu ya kustaajabisha, kisha akabanduka na gundi yake.

Ulikuwa mpira wa tairi, umekatwa kwa mkasi na mtu mwenye subira, madoa ya mgongoni yametiwa kwa rangi ya kucha.