Rangi ya Marehemu

Kwa laptop ya kwanza, marehemu alitokea mweupe kama mzungu. Kwa ya pili, akawa kijani.

"Kijani wapi?" Kepher, mwenye duka, akainama kuangalia. "Siz, hiyo ni kivuli tu."

"Kepher, huyu mtu anazikwa kesho. Hawezi zikwa akiwa kijani."

Winny alikuwa amesimama kwa hiyo kaunta, Kericho mjini, tangu saa tatu, na sasa saa sita ilikuwa inakaribia. Kazi yake ni kutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya picha na historia ya marehemu ambavyo watu hushika wakati wa ibada, halafu wanaenda kuviweka kwa kabati miaka kumi. Na hiyo si kazi ya kukaa ofisini. Leo ako Kapkatet, kesho Soin, kesho kutwa Ndanai, juu familia lazima ikae na yeye, wote, mpaka mashangazi, wakihesabu nani ameandikwa na nani amesahaulika.

Sasa laptop yake ya tangu college ilikuwa imemuaibisha. Nzito kama gunia la majani chai, betri inakaa dakika ishirini, na rangi zake ni uongo mtupu. Mara mbili alikuwa amepeleka programu ya Mzee Bethwel kule Ndanai, na mara mbili mjane, Mama Phyllis, akaangalia ile karatasi na kuirudisha.

"Huyu si bwana yangu. Umeniletea nani?"

Mara ya pili alimwambia bila kuzunguka: jioni ya leo ukikuja tena na uso wa mtu mwingine, kazi inaenda kwa yule jamaa wa Sotik. Na jamaa wa Sotik akipewa mazishi moja Ndanai, amepewa zote. Watu wa huko wanaambiana.

"Nataka vitu tatu tu," Winny akasema, vidole juu. "Iwe nyepesi. Ikae na chaji siku nzima, juu kuna boma zingine stima hakuna. Na ionyeshe mtu vile alikuwa. Ni ngumu?"

"Sema hivyo basi." Kepher akatoa moja nyeusi, kubwa, taa nyekundu zinawaka chini ya herufi. "Hii ni ya graphics kabisa. Watu wanacheza game nayo usiku kucha."

Winny akaiinua kwa mkono mmoja. Mkono ukashuka. Halafu akaona charja, saizi ya tofali.

"Hii nitaibeba mpaka Ndanai ama itanibeba?"

Kepher akacheka. Winny hakucheka. Akachomeka flash, picha ya mzee ikafunguka.

Kwa benchi ya ukuta kulikuwa na mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, akingoja simu yake irekebishwe. Muda wote alikuwa akiangalia tu. Sasa akasema, "Hiyo nayo imemfanya mweusi sana. Anakaa mtu amekasirika."

Winny akashusha pumzi. Yaani na hii siku yote, sasa amepata mshauri. "Asante, mama."

"Jaribu ile nyembamba."

"Mama, hata hujui inakaa na chaji masaa ngapi."

"Masaa kumi," Kepher akadakia, akiwa ameshaileta. "Na ni nyepesi kama daftari."

Kweli ilikuwa nyepesi. Winny akahamisha flash, akafungua picha, akashika kichwa. Mashavu ya mzee yalikuwa ya rangi ya chungwa.

"Naenda nyumbani," akasema. "Aki naenda nyumbani, nikauze maziwa."

"Hapana, punguza," mama akasema. "Mtu hakai hivyo. Kuna kitu imewashwa."

Winny alikuwa karibu kumjibu vibaya. Lakini akaingia kwa mipangilio, na hapo ndipo alipopata skrini imewekwa kwa hali ya usiku, ile inaleta unjano ndio macho isiumie. Akamwangalia Kepher. Kepher akaangalia barabara.

Akaizima. Uso wa mzee ukatulia, ukawa wa mtu ameishi kwa jua la shamba na akalizoea.

"Hapo," mama akasema. Alikuwa ameinuka, amesimama nyuma yake. "Hata kovu imetokea."

Winny akasogea karibu. Juu ya jicho la kulia kulikuwa na kovu ndogo, na wiki nzima hajawahi kuiona. Huyu mama ako na macho. Akaona haya vile amekuwa akimkatiza.

"Tunachukua hii," akamwambia Kepher, na akalipa haraka kabla skrini ibadilishe mawazo.

Halafu, juu laptop mpya huwezi kuiangalia peke yako, akamfungulia mama programu yote: picha ya mbele, ratiba, historia, ukurasa wa familia. Kila herufi imekaa safi. Alikuwa karibu kuimba.

"Maneno yote imeisha?" mama akauliza.

"Yote, mama. Mke, watoto wanne, wajukuu. Ilikuwa imebaki uso tu. Mama Phyllis akikubali jioni, naprint."

Mama akavuta kiti, akaketi mbele ya skrini, akaweka kidole chini ya jina la kwanza kwa ukurasa wa familia.

"Sasa huyu Phyllis mshushe mstari mmoja," akasema. "Mke wa kwanza ni mimi."