Mwezi wa Bure

"Muda wako wa majaribio umekwisha," kompyuta ilimwambia Bethwel saa nane mchana, siku ambayo hakuwa na nafasi ya kuambiwa hivyo.

Akabonyeza hapa, haiandiki. Akabonyeza pale, haiandiki. Karatasi za kesi yake zilikuwa pale kwa skrini, anaziona kama mtu anavyoona keki kwa kioo cha duka, na hawezi kubadilisha hata nukta.

Na zilitaka kubadilishwa. Muiruri, karani wa wakili wa orofa ya juu, alikubali kumwingizia kesi kwa mtandao wa korti kwa bei ya urafiki, bora Bethwel achape mwenyewe. Asubuhi alizirudisha na kalamu nyekundu kila ukurasa.

"Rekebisha uniletee kabla ya saa kumi," alimwambia. "Kesho usijisumbue. Kesho yule mtu atakuwa amelima kwako miaka kumi na mbili. Ukienda kortini, ataambiwa shamba ni lake."

Ekari tatu, huko Kuresoi, alizoandikiwa na baba yake. Yule mtu alianza na laini moja ya viazi kando ya ua. Msimu uliofuata, ua ukahama. Sasa viazi vilifika mpaka mtoni. Na Bethwel, aliyekuwa Nakuru anang'ang'ana na cyber yake, kiduka cha kompyuta na kuchapa, kila mwaka alisema ataenda waongee Krismasi. Krismasi zikaja, zikaenda.

Kulipia hiyo programu ya kuchapa hangeweza. Bei iko kwa dola, kila mwezi, na yeye anauza photocopy shilingi tano. Ndiyo maana kila mwezi alitafuta namba mpya ya simu, akajiandikisha kama mteja mgeni, akapewa mwezi wa bure. Alianza na yake, ikaja ya mke wake, ya mama mkwe, ya dada zake wote, ya pasta. Pasta mpaka leo hutumiwa matangazo ya hiyo programu na huyajibu kwa baraka.

Nangila, mwenye cyber ya mlango wa pili, alimkuta anatoka jasho.

"Si nilikuambia uhamie ile ya bure kabisa? Mimi nilihama kitambo. Silipi mtu, nalala kama mtoto."

"Nimeijaribu saa hii. Imefungua, lakini aya zimejipanga inavyotaka, na ramani ya shamba imeruka ikakalia sahihi yangu. Muiruri hawezi kupeleka kortini hiyo githeri, kila kitu kimechanganyika."

"Basi tumia namba yangu."

"Yako nilitumia Machi."

"Kumbe." Nangila akanywa chai yake. "Nunua laini mpya ya simu."

"Na kitambulisho kiko juu kwa Muiruri na amefunga ofisi ameenda lunch?"

Bethwel akatoka mlangoni. Akasimamisha mama mmoja aliyebeba kiondo.

"Mathe, samahani. Nisaidie na namba yako tu. Itaingia code kwa simu, unisomee."

Mama akakumbatia kiondo kama mtoto mgonjwa. "Code? Matapeli walinimaliza na code mwaka jana. Wewe nenda utafute mjinga mwingine."

Mtu wa boda aliyesikia hayo alicheka mpaka akazima pikipiki.

Hawakuwa na makosa. Siku hizi mtu hakupi code kama si damu yako. Na damu yake Bethwel alikuwa ameitumia yote. Ilibaki namba moja.

Kipkirui. Kaka yake mkubwa.

Hawakuwa wamepigana. Mmoja aliacha kupiga simu, mwingine akangoja apigiwe, miaka ikajipitia. Bethwel akatafuta jina lake kwa simu, akaliangalia, akaweka simu chini. Akaichukua tena. Akaiweka.

"Ni ndugu yako," Nangila akamwambia. "Atakuuma?"

Saa tisa ilikuwa imepita. Akapiga.

"Bethwel?" Sauti ilikuwa ileile, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo. "Ni wewe ama wamekuibia simu?"

"Ni mimi. Kipkirui, niko na shida."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Kuna code itaingia kwa simu yako, namba sita. Naomba unisomee. Ni ya kompyuta. Kuna karatasi lazima ziende leo, zisipoenda nimekwisha."

Huko kwa simu, mbali kidogo, jembe liligonga jiwe.

"Mtu mwingine akiniuliza code namtukana," Kipkirui akasema. "Lakini wewe nilikubeba mgongoni ukinikojolea. Ngoja nitafute miwani."

Akazisoma moja moja, akirudia kila moja kama anayefundisha darasa la kwanza. Skrini ikazunguka, ikafikiria, ikafunguka.

"Imekubali?"

"Imekubali. Asante, bro."

"Sasa usipotee tena. Leta watoto Krismasi. Viazi viko hapa mpaka tumekosa magunia."

Bethwel akakata simu, akafuta macho na mkono wa shati.

"Unaona?" Nangila akasema kwa upole. "Na ulikuwa unaogopa nini?"

Alichapa kama mtu anayekimbizwa. Akapanda ngazi na karatasi zikiwa bado na joto la printa. Muiruri alipitia ukurasa kwa ukurasa, akiitikia kwa kichwa pole pole, mpaka wa mwisho.

"Ziko sawa. Naziingiza saa hii, shamba halijapotea. Nipe tu namba ya simu ya yule mtu, ya kumpelekea hizi karatasi."

Bethwel akatoa simu mfukoni, akamwonyesha namba ya mwisho aliyopiga.