Tundu la Pili

"Ganzi imeshashika, Mama. Huo ni woga tu."

Daktari wa meno alimwambia mama yake kwa upole maneno yaleyale ambayo madaktari wengine walimwambia maisha yake yote. Nyumbani, watoto na wajukuu walikuwa na utani wao: ukitaka Bibi ahame mji, mwonyeshe sindano.

Mama aliachama tena, mikono imeng'ang'ania kiti, na chozi likateremka taratibu mpaka sikioni.

Chozi hilo ndilo lililomfanya binti ainue macho kuitazama tena picha ya eksirei. Chini ya meno, pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenye mfupa wa taya, watu wengi wana tundu moja tu kila upande. Mama alikuwa nalo. Lakini pembeni yake palikuwa na jingine, dogo kama ncha ya kalamu: njia ya mshipa wa pili, ambao ganzi haikuufikia.

"Mama," alisema. "Kumbe ulikuwa unaumia kweli."

"Kwani miaka yote hii nimekuwa nikisema nini?"

Binti akachoma sindano nyingine, pale pembeni. Wakasubiri. Mama akajigusa mdomo, akajifinya, akashangaa.

"Loo! Kumbe ganzi ndiyo hii?"

Binti hakucheka. Alikuwa ameshafungua kabati, anatafuta picha ya taya la mtoto wake mwenyewe, aliyeng'olewa jino juzi kwenye kiti hikihiki, akipiga mayowe, naye akimkandamiza kichwa na kumwambia, "Nyamaza! Umerithi woga wa bibi yako."