Nyani Alivyovuta Gari la Punda

Zamani, wanyama walipopenda mbio kuliko chakula, Nyani aliendesha gari la mashindano na Punda akalivuta. Walishinda kila mara, kwa kuwa fimbo ya Nyani haikupumzika.

Siku moja upepo ulipeperusha shuka lililofunika mgongo wa Punda, watazamaji wakaona vidonda.

"Kumbe ndivyo mnavyoshinda!" Kanga, mmoja wao, akasema. Wote wakaondoka.

Nyani akafadhaika. "Ndugu yangu, waambie nakutunza vizuri."

"Nitunze kwanza," Punda akajibu, "ndipo niseme."

Nyani akaivunja fimbo, akamuuguza Punda mpaka akapona. Punda akawaambia watazamaji, nao wakarudi kutazama mbio shingo upande. Siku hiyo Punda aliwaacha wenzake mbali, lakini karibu na mwisho akakanyaga mwiba, akawa anakimbia akichechemea.

"Simama!" Nyani akapaza sauti. Akashuka, akamchomoa mwiba, akajifunga hatamu mwenyewe na kulivuta gari, Punda akitembea kando yake. Wote wakawapita.

"Tumekuwa wa mwisho," Nyani akasema akihema.

"Hebu sikiliza," Punda akacheka.

Kanga alikuwa ameruka uwanjani akipiga vigelegele, umati mzima nyuma yake. Wakawabeba wote wawili juu juu. Mshindi, alipojiona amebaki peke yake, naye akaja kucheza.