Nyumba Isiyo na Panya

Hakukuwa na hata kinyesi kimoja cha panya. Orrin Tveit alipiga magoti, akamulika tochi chini ya kitanda, nyuma ya jiko, ndani ya kila kabati, kisha akainuka na uso wa mshindi.

"We Verlyn," alimwita mdogo wake aliyekuwa nje, "njoo uone kazi ya mwanamume. Kila tundu niliziba mwenyewe. Wenzangu mwaka huu watatoa panya kwa koleo."

Verlyn alivua viatu kwenye ngazi, ndipo akaingia.

"Unavua viatu? Hii karavani, bwana, si kanisa."

"Nimezoea tu, kaka."

Orrin alimwangalia kama mtu anavyoangalia soksi iliyotoboka. Dereva wa basi la shule, tena aliyeachishwa. Mke kamkimbia. Miaka sitini duniani, na hajawahi kumiliki kitu chenye paa. Ndiyo maana kila Oktoba, Orrin na mkewe Marlys wakikimbilia Arizona kuota jua, ufunguo wa nyumba yao hapa Minnesota humwachia jirani, mtu wa kuaminika. Verlyn alipewa ufunguo wa karavani tu, hii nyumba ya magurudumu inayokaa nyuma ya ghala, aje kuikwangua theluji paani. Kukwangua theluji hakuhitaji akili.

Sasa Mei imeingia. Kesho msimu wa uvuvi unafunguliwa ziwani, na atakayechelewa kufika ataegesha karibu na vyoo. Mwaka jana Orrin aliegesha karibu na vyoo. Alisikia matumbo ya wilaya nzima. Mwaka huu ameapa lazima alale kando ya maji, leo hii.

"Mngengoja mwisho wa mwezi, kaka," Verlyn alisema taratibu. "Usiku maji bado yanaganda."

"Kwani wewe ndiye utakayelala humu?"

Verlyn akainama kunyoosha shuka la kitanda.

Orrin alipima betri, akaikuta imejaa. Alijisifu kwa kuchagua betri. Alifungua bomba la jikoni, ikatoka ile dawa ya rangi ya waridi aliyoijaza mabombani Oktoba yasije yakapasuka kwa baridi, na alijisifu kwa hilo pia. Alipoinua mitungi ya gesi tu ndipo uso ulipomkunjamana. Yote miwili ilikuwa myepesi kama ndoo tupu.

"Yule kijana wa gesi aliniuzia upepo. Watu wa siku hizi ni wezi watupu."

Verlyn alikohoa. "Nipe nikaijaze, kaka."

"Kaa hapo. Utapotelea njiani."

Marlys alikuwa akipanga vijiko. Droo ilikwama, akaivuta mpaka mkono ukamuuma. Verlyn aliigonga chini kwa goti, mara moja, nayo ikafunguka yenyewe.

"Umejuaje, shemeji?"

"Nimebahatisha."

Marlys alinusa hewa. "Humu mnanukia kahawa."

"Mnanukia usafi," alisema Orrin. "Hujazoea."

"Halafu shemeji," Marlys aliendelea, "juzi nilipita pale kwako, juu ya lile duka la kufulia. Madirisha yote yamepigiliwa mbao."

"Ndiyo. Walilifunga kabla ya Krismasi."

"Afadhali," Orrin alidakia. "Sasa unalala bila kelele za mashine. Wewe una bahati ya bure tu."

Moyo wake ulikuwa umeanza kuchangamka, na Orrin akichangamka lazima amtegee mtu. Alikuwa hivyo tangu utotoni, na tangu utotoni aliyeshindwa alikuwa Verlyn.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu imefungwa majira ya baridi yote. Haina mtu, na panya hawaingii. Ni nini?"

Verlyn alifikiri. Aliangalia jiko, akaangalia dirisha dogo la juu ya kitanda. "Sijui, kaka."

"Nipe mji."

"Chukua wowote unaoutaka. Mimi sina."

Orrin alicheka mpaka akashika meza. "Ona, jibu liko puani kwake. Umesimama ndani yake, bwana mdogo. Ni hii karavani ya Orrin Tveit."

Walifunga karavani kwenye pikapu. Verlyn alichomoa waya wa umeme uliotoka ghalani, akaukunja polepole, duara juu ya duara. Aliyabeba yale magogo yaliyozuia magurudumu, akayapanga ukutani. Kisha akasogea dirishani kwa kaka yake.

"Hata wiki moja tu, kaka."

"Wiki moja ya nini?"

"Basi. Tuache."

Orrin alinyoosha kiganja. "Ufunguo."

Verlyn aliingiza mkono ndani ya shati na kuvuta kamba shingoni. Ufunguo ulikuwa na joto la kifua chake.

"Unavaa ufunguo wangu kama hirizi," Orrin alisema, akautupa mapajani mwa Marlys. "Theluji imekwishayeyuka, Verlyn. Kazi yako imekwisha."

Pikapu ikaguna, na karavani ikasogea. Mahali pake palibaki mstatili wa majani yaliyopauka katikati ya ua wenye matope.

Walipofika getini Orrin aliangalia kioo. Verlyn alikuwa ametokeza nyuma ya ghala, begi mkononi, mto wa kulalia kwapani. Hakuelekea barabarani. Alikwenda mpaka ukingoni mwa ule mstatili, pale ngazi ilipokuwa, akavua viatu, akaingia.

"Mwangalie huyo," Orrin alimwambia mkewe, akikanyaga mafuta. "Hata kwake hana haraka ya kwenda."