Mguu wa Lugano

Siku hizo mchimbaji akiumia chini ya ardhi, maumivu yake yalihamishiwa kwa msimamizi aliyethibitisha kwamba paa la handaki ni salama. Msimamizi aliumwa badala yake mpaka mgonjwa apone, au afe.

Msimamizi Ambakisye alikuwa katika siku ya tisa akiumwa goti la jirani yake Lugano, mchimbaji. Siku ya ajali hakuligonga paa kwa nondo kusikiliza kama limelegea. Alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya, akasaini tu. Makaa ya mawe yakamporomokea Lugano.

Asubuhi hiyo, katikati ya chai, maumivu yakakatika ghafla. Akatembea hadi mlangoni na kurudi bila fimbo.

"Mama Gwakisa! Njoo uone!"

Mkewe akaja mbio, mikono imejaa unga. "Bwana asifiwe! Na ulivyokuwa unanuna!"

Wakaimba wimbo wa shukrani. Mke wa Lugano, aliyekuwa akifagia uwanja wake, akapaza sauti juu ya ua.

"Jirani, umepona? Basi na mume wangu kapona! Ngoja nivae niende hospitali!"

Ambakisye akalitazama goti lake. Goti lililopondwa haliponi kwa siku tisa.

"Baba, tuombe basi," mkewe alisema.

Siku zote tisa alikuwa ameomba aondolewe maumivu, na jina la Lugano hakulitaja hata mara moja. Akapiga magoti kwenye sakafu ngumu. Goti halikumuuma hata kidogo.