Kumsindikiza Mgeni

Theluji ilikuwa imefika vifundoni, na mgeni alikuwa amevaa ndala za manyoya. Humphrey aliziona, akaendelea kutembea. Wazungu na baridi yao wanajuana wenyewe.

Ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mjini New Hope, Marekani, baada ya miaka mitatu ya kubeba maboksi ghalani Shakopee. Mgongo ulikuwa umeshasema basi. Asubuhi Philister, nesi Mkenya, alimpa namba za kufungulia mlango na onyo moja tu, kuhusu mzee wa chumba namba tisa.

"Huyo ametoroka mara mbili. Aki-escape leo, Humphrey, kesho uko Shakopee."

Namba tisa aliwakuta wazee wawili. Mmoja kitandani, kajifunika blanketi mpaka puani, anakoroma. Mwingine kitini, koti mwilini, kofia kichwani, begi mapajani: mgeni wake, Humphrey akaamua. Huyu wa kitini ndiye aliyekuwa na maneno. Alimuuliza Humphrey kama anakijua kitenzi "absquatulate". Humphrey, na digrii yake ya Dodoma, hakukijua. Mzee akamweleza taratibu: ni kuondoka ghafla bila kumuaga mtu. Wamarekani walikibuni kwa utani, miaka ya 1830 na kitu, wakakipa mlio wa Kilatini ili kionekane kimesoma.

Humphrey akasema kwao Njombe mtu haondoki hivyo. Mgeni anaaga, anaambiwa angoje kidogo, anaaga tena, kisha mwenyeji anambebea mzigo na kumsindikiza.

"Mpaka wapi?" mzee akauliza.

"Mpaka apande gari."

Mzee akasimama, akaaga. Humphrey akamwambia angoje kidogo. Akaaga tena.

Ndipo Humphrey akabonyeza namba za mlango, akabeba begi, akamshika kiwiko asiteleze. Walisimama kituoni dakika kumi na mbili. Basi lilipokuja alimsaidia kupanda, akampungia mkono mpaka likakata kona. Alirudi kwa furaha: mgeni kaondoka kwa heshima zote, na mzee wake bado anakoroma.

Akasogea kumfunika vizuri miguuni. Chini ya blanketi kulikuwa na buti mbili, bado mbichi kwa theluji.

Mzee akafumbua macho, akaketi, akapapasa kando akitafuta kofia, akaikosa.

"Kaka yangu amepata basi?" akauliza. "Haya, na mimi naomba kuaga."